Radhi Kabla ya Filamu

Mwembetanga, Unguja
3 Agosti 1996

Dada yangu Moza,

Assalaam alaykum. Pokea salamu za mtu aliyelala chali. Mwili wote mzima isipokuwa mguu wa kulia, ambao umo ndani ya plasta tangu wiki iliyopita. Mteja kaniletea pikipiki nimtengenezee, nikaitengeneza, nikasema niijaribu kidogo kabla hajaja kuichukua. Nikaijaribu kwa kusimama juu ya kiti na kuachia mikono. Unajua nimejifunzia wapi, basi usinicheke.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kuja. Mmeshasikia kwamba Mbarouk Nyange alifariki huku Unguja mwezi uliopita. Mimi nilikuwa nikenda kumtazama karibu kila siku katika ugonjwa wake, nikimnyoa ndevu, nikimsomea magazeti. Da Moza, yule mtu ndiye aliyenifanya nilivyo. Kabla hajarudi kutoka Uarabuni na ile kamera begani, pikipiki Pemba ilikuwa chombo cha Bwana Shamba na sanduku lake la dawa ya minazi. Na watoto waliopanda mawimbi kwa mbao walikuwa watundu wa kuchapwa bakora. Alipotoa filamu yake ya Vumawimbi, ghafla tukawa watu. Mimi nikaacha kuchuma karafuu nikaingia gereji. Watoto wa Konde wakaacha kung'oa milango ya majumba mabovu, sasa wanachonga mbao zao wenyewe na kuzipaka rangi. Nimekutana na madereva Dar es Salaam wanaoijua filamu ile kipande kwa kipande.

Na kipande cha mwisho ndicho wanachokipenda wote. Marehemu ndugu yako Mabruki amesimama juu ya wimbi, katupa mgongo, mikono kaitandaza. Picha inaingia giza, na ndani ya giza pikipiki inapigwa kiki, inawaka, inakwenda zake mpaka haisikiki tena. Sisi tukifika hapo huwa tunawasha zetu zote pamoja.

Sasa ombi. Siku ya arobaini ya kifo cha Mbarouk, Soud na waendesha pikipiki wa Gombani wanataka kumkumbuka kwa kusoma hitma na kuionyesha filamu nje ya uwanja, juu ya shuka. Wanamtaka mama yako, Bi Mwanawema, awe mgeni wao wa heshima. Najua mama hajawahi kuitazama hata siku moja. Mbembeleze. Mambo yatakwenda hivi: kisomo, dua, kisha Nassor, nduguye Mbarouk, atawaomba watu radhi kwa niaba ya marehemu, kisha filamu. Mpango huu si wangu, ni wasia. Alinishika mkono akaniambia, "Ahmada, ikiwa siku moja Bi Mwanawema atakubali kuitazama, mwombeni radhi kwanza, ndiyo muwashe deki. Msibadilishe." Nikamuuliza wewe una nini cha kuombewa radhi? Akasema mtu aliyetembea na kamera amewaudhi wengi. Adabu gani hiyo, dada yangu. Siku hizi huipati.

Kanda nampa Soud anayerudi na boti ya Jumatano.

Ndugu yako,
Ahmada

*

Tibirinzi, Chake Chake
11 Agosti 1996

Mdogo wangu Ahmada,

Waalaykum salaam. Nimecheka, tena nimemsomea jirani naye akacheka. Mtu mzima, fundi, unasimama juu ya pikipiki ya watu. Mshukuru Mungu ni mguu tu. Nimekutumia mafuta ya kuchua, mkononi mwa Soud.

Mama alikataa. Nilimweleza akiwa anapepeta mchele, wala hakuinua uso. "Miye mwanangu nlimuona akizaliwa, na nlimuona ndani ya sanda. Yatosha." Nikajua ndiyo basi. Usiku wa pili yake akaniita chumbani kwake. Kumbe hakulala, anamfikiria Mbarouk.

Nyinyi mlimjua na pikipiki zake. Sisi tulimjua kwa kitu kingine. Tangu Mabruki alipofariki, miaka minane yote hii, hakuna Sikukuu Mbarouk aliyoacha kuja. Watu huja Sikukuu Mosi, yeye alikuja Sikukuu ya Pili, kwa kuwa ndiyo siku tuliyompoteza Mabruki. Tukiwa Mgogoni alikuja Mgogoni, nilipoolewa nikamhamishia mama huku Tibirinzi akaja huku. Ana doti ya kanga na sukari. Anakaa chini kwenye mkeka, hataki kiti, anamwita mama "Mama". Na kila mwaka atasema maneno yale yale: "Siku ile sikuwapo, Mama. Ningekuwapo nisingemwacha aingie majini." Ndiye aliyetuambia ile picha ya Mabruki juu ya wimbi aliipiga kabla ya Ramadhani, siku ambayo Mabruki alikuwa na furaha mpaka akaimba njia nzima.

Mama alikuwa akijishikiza hapo. Kwamba iko mahali siku moja nzuri ya mwanawe, kabla ya ile mbaya, na kuna mtu kaiweka. Hakutaka kuiona, na kwa ajili yake na mimi sikupata kuiona, lakini alitaka iwepo. Sasa ananiambia, "Kanitunzia mwanangu miaka yote hino, miye n'shindwe kwenda kumwombea dua?" Basi tutakuja. Buibui ameshalipiga pasi, na bado wiki mbili. Mimi nitashughulika na kahawa upande wa wanawake, maana nawajua hao vijana wenu, watakumbuka petroli watasahau vikombe.

Pona haraka.

Dada yako,
Moza

*

Mwembetanga, Unguja
25 Agosti 1996

Da Moza wangu,

Soud amenipigia simu dukani kwa jirani, wakanibeba na kiti nikaongee naye. Nimefurahi mpaka nimesahau mguu. Anasema Gombani haijapata kujaa vile isipokuwa siku za mpira. Anasema pikipiki zimetoka mpaka Mkoani, na watoto wa Konde wamekuja juu ya lori na mbao zao.

Anasema Nassor alipoomba radhi, kabla mwanamume yeyote hajafungua mdomo, Bi Mwanawema alisimama peke yake akasema, "Miye nimemsamehe, duniani na akhera." Halafu ndiyo umati mzima ukafuata. Soud mwenyewe alilia, na unamjua Soud. Na mwisho wa filamu pikipiki zote zikawashwa pamoja, na mama akatoka analia, mkono kautia kwenye wako. Kumwona mwanawe yuko hai vile, kweli nani asingelia kwa furaha?

Tumeamua tufanye kila mwaka. Mwakani tutawaalika wa Dar. Mwambie mama nafasi yake ni ile ile.

Akusalimu sana,
Ahmada

*

Tibirinzi
30 Agosti 1996

Ahmada,

Barua yako ya furaha imefika. Mama hakulia kwa furaha. Nitakueleza yote, kisha nina swali moja na nataka ulijibu.

Tulikaa mbele, kwenye mkeka. Kisomo kikaisha, dua ikaisha, Nassor akasimama akasema anayemdai marehemu haki yoyote, neno alilomuumiza nalo, jambo alilomficha, amsamehe. Mama akasimama kama ulivyoambiwa. Sauti yake ndogo, lakini siku ile waliisikia mpaka barabarani. Wanawake wote wakaitikia nyuma yake. Mimi wakati huo nilikuwa nyuma, nimeinama kwenye karai la vikombe.

Filamu ilipowashwa nikarudi kukaa naye, akajifunika uso kwa buibui. Akawa anachungulia pikipiki, mara moja hata alicheka, pale mmoja wenu anapovuka daraja na mbuzi amempakata. Mwisho, kwa ulivyonieleza, nikamnong'oneza, mama, ndiyo huyu anakuja. Akafunua uso.

Hakulia. Alinishika kifundo cha mkono akakiminya. "Moza, shati."

Ahmada, sikiliza habari ya shati lile. Ile Sikukuu mama alipata kitambaa kimoja tu, cha manjano. Gauni langu likatoka, shati la Mabruki likapungua mgongoni. Usiku wa kuamkia Sikukuu mama akapasua foronya ya kijani, akatia kipande katikati ya mgongo, akamaliza kushona ndipo akalala. Mabruki alinuna. Ana miaka kumi na tano, atembee na mgongo wa foronya? Sikukuu Mosi hakutoka nyumbani. Mama akamwambia, "Vaa, mwanangu. Mgongo hauonekani na mtu." Sikukuu ya Pili akalivaa, akatoka mchana, na hakurudi. Alirudishwa asubuhi yake nalo mwilini, na wanawake waliokwenda pwani kutafuta pweza.

Hakulivaa kabla ya Ramadhani. Kabla ya Ramadhani lilikuwa bado kitambaa dukani. Na mgongo ule wa kijani umejaa shuka zima la Gombani, umati wote unaupigia makofi.

Kwa hiyo Mbarouk alikuwapo. Alisimama pale na kamera yake, siku ile ile, saa ile ile. Na usiku ule, wakati sisi tunamwita Mabruki mashambani kwa taa, kwenye mikarafuu, kwenye visima, kwa kuwa hakuna aliyejua amekwenda baharini, yeye alijua. Kisha miaka minane akaja kukaa kwenye mkeka wetu.

Giza lilipoingia na ile pikipiki ikawaka, mama akaniuliza, "Nani yuno anoondoka?" Nikamwambia ni mlio tu wa filamu. Hapo wenzako wakawasha zao zote, akaziba masikio, nikamtoa.

Sasa swali langu. Wewe ndiye uliyeandika radhi kwanza, kisha filamu. Ulijua? Umetwambia ni wasia, lakini ulikaa naye mwezi mzima, ukamnyoa ndevu, na sanduku lake la kanda liko kwako. Mama yangu alitoleshwa radhi mbele ya watu kabla hajaonyeshwa anasamehe nini. Kama ulijua, usinijibu kabisa, nitafahamu.

Moza

*

Mwembetanga, Unguja
9 Septemba 1996

Dada Moza,

Sikujua. Naapa kwa Mungu aliyeniumba, sikujua. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukujibu kwa kiapo kitupu.

Sanduku la kanda zake liko chini ya kitanda changu. Sijapata kulifungua. Nilikuwa najisikia vibaya, kama kupekua mifuko ya mtu aliyelala. Baada ya barua yako nilimwomba jirani deki, nikafunga mlango, nikazitazama moja moja. Iliyoandikwa "Vumawimbi, mwisho" ilikuwa chini kabisa, imeviringwa ndani ya kikoi.

Nitakuandikia nilichokiona, na wewe utaamua umsomee mama kiasi gani.

Inaanza palepale tunapopajua. Mabruki anasimama, anatandaza mikono, mgongo wa kijani kama ulivyosema. Mimi nimeutazama mgongo ule miaka yote nikidhani ni mtindo. Sisi tunakatiwa hapo. Kwenye kanda hii haikatiki. Anaanguka, ubao unaruka juu peke yake. Anaibuka mbali kidogo, ananyanyua mkono. Mbarouk anacheka, anasema, "Safi. Rudia tena." Mkono unanyanyuka tena. Mbarouk anasema, "Sogea huku kwenye mwanga." Hapo ndipo Mabruki anapoita. Anaita "Kaka Mbarouk", mara mbili, inasikika waziwazi. Kisha ni maji tu.

Kamera haitetemeki, Da Moza. Inayatazama maji muda mrefu. Kisha unasikia anasema polepole, "Mabruki?" Kisha mchanga, gurudumu la pikipiki, kisha giza. Ameitia kamera mkobani bila kuizima. Na ndani ya lile giza anapiga kiki, mara ya kwanza haiwaki, mara ya pili inawaka, anaondoka.

Ndiyo ule mlio. Hakuutengeneza. Ni yeye anakimbia, na sisi tumeufanya wimbo wetu. Mimi nimejifunza kupiga kiki kwa kuuiga ule mlio, ya kwanza haiwaki, ya pili inawaka. Nawafundisha vijana hivyo hivyo.

Na siku ile nimeikumbuka yote. Jioni ya Sikukuu ya Pili Mbarouk alirudi Gombani, suruali imerowa mpaka magotini, akatununulia soda sote na kutwambia tushindane mbio mpaka Machomane. Tukashindana mpaka giza likaingia. Kesho yake alikuja Mgogoni mazikoni, na jeneza la Mabruki mguu wa mbele ameubeba yeye, mimi nikiwa nyuma yake. Nilimwona analia nikazidi kumpenda.

Miaka minane nimemtetea mtu huyu kwa kila aliyesema mabaya juu yake. Na mwisho kanishika mkono, kaniona mimi ndiye bwege wa kumpelekea mama yako wasia ule. Alijua mama atasamehe, kwa jinsi anavyompenda. Alijua pia akiliona lile shati atalijua. Akaniambia nisibadilishe. Nimekaa hapa naangalia plasta hii nataka niipasue.

Nimempigia simu Soud nikamweleza. Kasema tusiseme kwa watu, vijana watavunjika moyo, na mama keshasamehe, na aliyekufa keshakufa. Nikakata simu. Kanda ninayo. Mkisema niichome nitaichoma leo.

Nisamehe mimi, kama unaweza.

Ahmada

*

Tibirinzi
21 Septemba 1996

Mdogo wangu Ahmada,

Mama aliniambia nimsomee barua yako yote. Nilimsomea. Nilipofika pale Mabruki anapoita, niliruka mistari miwili. Akaniuliza, "Aliita?" Nikamwambia upepo ulikuwa mkali, hakuna kinachosikika. Akaniangalia, akasema haya endelea. Sijui kama kaniamini. Nimeambiwa uongo miaka minane juu ya ndugu yangu, na sasa na mimi nimeanza wangu.

Siku mbili alishinda chumbani kwake. Siku ya tatu akafungua kasha lake, akatoa kanga zote za Mbarouk, doti moja kwa kila mwaka, hata zile alizokwisha kuzifua zikapauka. Akazikunja, akaniambia niite mtu azipeleke kwa Nassor. Nikamuuliza, na ile radhi, mama? Akasema, "N'shaitoa mbele ya Mungu na mbele ya watu, sitoirudisha. Kanchezea, lakini mdomo ulikuwa wangu." Akaenda kutia udhu. Tangu siku ile hajaitaja, ila hali chakula cha usiku, na shuka jeupe hataki nilitandike kitandani kwake.

Jana Nassor kaja mwenyewe, kanga ziko kwapani. Alikwisha kuambiwa na Soud. Sidhani kama alijua kabla, uso wake ulikuwa umemshuka. Akasimama mlangoni akaniomba tuzirudishe kanga ndani, watu wasione, maneno yasienee. "Bi Mwanawema keshamsamehe, Bi Moza. Sote tulisikia. Tena sote tuliitikia. Basi yaishie hapa."

Nikamwambia, "Sote nani?"

Akasema, "Sote tuliokuwapo."

Nilitaka kumfungia mlango. Sikumfungia, kwa sababu ni mtu mzima na hakunifanyia lolote. Nikamwambia aziweke kanga kivulini aje anywe maji. Akanywa. Kisha nikamwambia neno ambalo nakuandikia na wewe, uwaambie Soud na wenzake.

Kanda usiichome. Mwakani mkikusanyika Gombani, iwekeni hiyo, msikate kitu. Watoto wa Konde waje na mbao zao waone mtu akinyanyua mkono majini anataka nini. Waone, kisha wapande mawimbi yao, sijawakataza. Na nyinyi sikilizeni ule mlio mpaka mwisho. Anayetaka kuwasha pikipiki baada ya hapo na awashe. Mama hatokuwapo. Mimi nitakuwapo, nitakaa mahali pake.

Wewe huna kosa kwangu. Ulitumwa na mtu uliyempenda, na sisi pia tulimpenda, tukamwekea mkeka. Plasta ikitolewa njoo umsalimie mama, anakuulizia.

Ama Mbarouk, nimemwambia Nassor hivi. Siku ile Gombani, aliposimama kuomba radhi, mimi nilikuwa nyuma nakosha vikombe. Mama alisema, wanawake wakasema, wanaume wakasema. Mimi mikono ilikuwa ndani ya maji na kinywa sikukifungua. Si kwa kukusudia, kahawa ilikuwa inaningoja. Lakini sikusema.

Na bado sijasema.

Dada yako,
Moza